Mwaka Niliomwagilia Udongo Mtupu

Petunia za mama yangu hazikunukia mchana. Mchana ungepita kando yake ukadhani ni magugu yaliyopata bahati ya kuchanua: nyingine nyeupe, nyingine za zambarau iliyofifia kama kitenge kilichofuliwa miaka kumi, mashina yake marefu yamelala ovyo chini ya ukuta. Lakini jua likianza kushuka nyuma ya kilima, ng'ombe wakirudi na vumbi lao, harufu ilikuwa inatoka. Ilikuwa kama maziwa yaliyochemshwa na asali, na nyuma yake kitu kikali kidogo, kama karafuu kwenye chai ya wageni. Ilipanda polepole, ikaingia dirishani, ikakaa kwenye blanketi na kwenye nywele za watu. Moshi wa jikoni haukuishinda. Nimezeeka, nimenusa manukato ya maharusi wengi na sabuni za kila aina, na bado natafuta harufu ile.

Kwetu ni Ntobeye, wilaya ya Ngara, kwenye vilima ambako asubuhi ukungu unakaa bondeni mpaka watu wamekwisha kunywa uji. Mama alipokuwa msichana alifua nguo kwa masista, na walipomruhusu kwenda kuolewa aliomba mbegu za maua yao badala ya shuka. Watu walimcheka. Mwanamke gani anaacha shuka anachukua maua, maua yanaliwa? Yeye alizifunga kwenye kibuyu kidogo, akaziba mdomo kwa jani la mgomba lililokauka, na kila mwaka alipanda, akavuna mbegu, akaziba tena. Majirani waliyaita maua ya masista. Mama aliyaita petunia, kwa sauti ya heshima, kama mtu anayetaja jina la ukoo.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka tisa hivi, na mama alikuwa ameshapofuka. Ugonjwa wa macho ulimwanza kwa kuwasha, kope zikageukia ndani zikawa zinamkwangua, na mwisho mwanga ukaondoka wote. Mama hakuwa mtu wa kulia. Alijifunza upya kumenya ndizi, kuchambua maharage na kumfunga mdogo wangu mgongoni. Kitu kimoja alikikataa: kutoka nje, ila kupelekwa chooni alfajiri na usiku. Alisema akikaa uwanjani anasikia watu wakipita wanapunguza sauti, na yeye si maiti ya kupunguziwa sauti. Baba alimbembeleza akachoka. Wanawake wa jumuiya walikuja kusali naye, akawapokea ndani, akawasindikiza mpaka kizingitini, akarudi. Ngozi yake ikaanza kuwa ya majivu kwa kukosa jua. Nilikuwa mtoto lakini nilijua kwamba mtu hawezi kuishi hivyo.

Siku moja, maharage ya masika yalipokuwa yanafungua majani mawili ya kwanza, akaniita. "Koleta, lete kibuyu cha mbegu. Mwaka huu mikono ni yako. Yakichanua, nitatoka nikae nje."

Hilo neno lilinishika. Nitatoka nikae nje. Nilikimbia kama niliyetumwa moto.

Alikaa kizingitini, nusu ndani, nusu nje, akanielekeza kila kitu. Nilete kitako cha mtungi uliovunjika. Nichekeche udongo wa chini ya migomba mpaka ulainike kama unga. Nichote mchanga mwembamba wa kijitoni, niuchanganye na mbegu, maana mbegu ya petunia ni ndogo kuliko vumbi la ulezi na ukiishika peke yake inakupotea kwenye mistari ya kiganja. Kisha ninyunyize juu juu, kama mtu anayetia chumvi kwenye chakula cha mgeni asiyemjua. "Na usizifukie," akasema. "Zigandamize kwa kiganja tu. Petunia ikifukiwa inakufa. Inataka kuona jua." Alipomaliza akapitisha kiganja chake juu ya udongo, taratibu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akarudi ndani.

Nilibaki naangalia mbegu zimelala wazi. Sasa nieleweni. Mama huyo huyo ndiye alinilea kwa kofi la mgongo nilipoacha punje ya maharage bila kuifukia. Kwetu mtoto anafundishwa kutembea nyuma ya jembe: mkubwa anachimba, wewe unatupia mbegu, unafukia kwa mguu, unakanyaga kwa kisigino, unaendelea. Mbegu iliyoachwa wazi ilikuwa aibu ya nyumba, chakula cha kuku, dalili ya msichana asiyefundwa. Na kuku walikuwa pale, wananitazama kwa jicho moja moja. Upepo nao ulikuwa unavuma kutoka bondeni. Nikasema moyoni, mama amesahau, ugonjwa umemchanganya. Nikachota konzi mbili za udongo, nikafukia vizuri, nikakanyaga kwa kisigino. Nilijiona nimemsaidia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu langu lilivunjikia pale, kwenye kitako cha mtungi.

Siku kumi zikapita. "Zimetoka?" Bado, mama. Siku ya kumi na tano. "Zimetoka?" Nilikuwa nimeshapekua kwa kijiti nisione kitu, na kibuyu kilikuwa kitupu, maana nilizimwaga zote. Uso wake ulikuwa umegeukia kwangu, unangoja. Nikasema, "Zimetoka."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini mtoto akiwa juu yake anaiona ndefu kuliko ya kwenda Biharamulo. Uongo ule ulianza kunidai majani. "Yana majani mangapi?" Mawili. Baada ya wiki, "Sasa?" Manne. "Umeyahamishia chini ya dirisha?" Nimeyahamisha. "Umeyaachia nafasi ya shubiri?" Nimeacha. Na kwa kuwa alikuwa anasikia kila kitu, ilinibidi nimwagilie. Kila jioni nilishuka chemchemi, nikapanda kilima na kibuyu kichwani, nikasimama chini ya dirisha nikanyunyiza maji kwenye udongo mtupu, polepole, ili asikie yanavyodondoka. Yeye ndani anasema, "Usiyapige kwa nguvu, bado machanga." Nami nje najibu, "Ndiyo, mama," na machozi yananitoka. Nilinyunyizia udongo ule zaidi ya mwezi. Ulipata maji kuliko shamba la mtu yeyote Ntobeye.

Kisha nikaugua homa, wiki nzima, mwanzoni mwa kiangazi. Lazima niseme kwamba nilikuwa mfagiaji. Uwanja wetu niliufagia kila alfajiri mpaka ukaonyesha mistari ya ufagio kama nywele zilizochanwa. Mtu akitaka kumjua msichana alilelewaje, alitazama uwanja wa kwao. Ile wiki haukufagiliwa. Nilipoweza kusimama, nimejifunga kanga ya mama, mama Stefania wa ng'ambo ya njia alisimama akashika kiuno.

"Yewe, Koleta! Uwanja umeota ndevu! Utaolewa na nani, na mbuzi?"

"Nimetoka kuugua, shangazi."

"Kuugua? Mimi nilizaa asubuhi, jioni nikafagia!"

"Ndiyo maana huyo mtoto wako amejaa vumbi mpaka leo," mama akajibu kutoka ndani, na mama Stefania akacheka akaenda zake. Nikachukua ufagio kwa hasira. Nilipofika chini ya ukuta, pale petunia za mwaka jana zilipokauka, nikaona kijani. Kilikuwa kimche kisichozidi ukucha, kimejishika kwenye ufa wa udongo. Nikakigusa, jani likanata kidoleni. Hakuna gugu kwetu linalonata vile. Mbegu iliyoanguka yenyewe, ambayo hakuna mtu aliyeifukia, ilikuwa imeota. Na nadhani zilikuwa zinaota mwaka hata mwaka, nami nazifagia kila alfajiri kwa sababu ya malezi mema.

Nilikizungushia mawe. Nilikilinda na kuku, na mbuzi, na mdogo wangu aliyekuwa ameanza kutambaa na kula kila kitu. Maji yangu sasa yalikuwa na mahali pa kwenda. Mama akauliza kwa nini maua yamechelewa, nikasema baridi. Akasema, "Mm." Mtama ulivunwa, ukaanikwa, ukapurwa, na mche ukarefuka, ukalala, ukanyanyua shingo. Nilikuwa nasali usiwe na ua. Ndiyo, nilisali hivyo. Kwa sababu macho ya mama ningeweza kuyadanganya, lakini harufu ya mche mmoja isingekuwa harufu ya miche ishirini niliyomwambia.

Ua la kwanza lilifunguka asubuhi. Mchana kutwa sikula. Jua likashuka, ng'ombe wakapita, na harufu ikatoka, nyembamba, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja. Nikasikia ndani mkeka unakwaruza. Mama alikuja akipapasa ukuta, akavuka kizingiti, peke yake, akaja mpaka chini ya dirisha, akachutama. Mkono wake ukatafuta, ukapata mawe, ukapata shina, ukatafuta tena kulia na kushoto, ukakuta udongo.

"Ni mmoja," akasema.

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Njoo hapa. Nipe mkono." Akashika vidole vyangu, akavisugua kwa dole gumba lake. "Wewe ndiye unanishika mkono kunipeleka chooni kila siku. Mtu anayehamisha petunia ananata vidole wiki nzima. Masika yote hukunata hata siku moja. Halafu juzi juzi ukaanza kunata. Nikasema, ahaa, sasa kuna kitu."

"Ulijua, mama?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe useme." Akainamia ua, akanusa. "Umenichelewesha, Koleta. Na maji yale yote! Ungenipikia ugali wa mwaka mzima."

Hapo nilimwambia yote, konzi mbili na kisigino na kuku, huku nalia kwa kwikwi. Hakunipiga. Hakunikumbatia pia; hakuwa mtu wa kukumbatia. Alisema mbegu za huo mche zote nitazichuma mimi, na ikipotea punje moja atajua. Kisha akaniagiza mkeka wake. Akaketi nje. Watu walipopita wakaanza kupunguza sauti, na mama akawapigia kelele, "Semeni kwa nguvu, mimi ni kipofu, si kiziwi!" Kiangazi kile alikaa nje kila jioni, na ngozi yake ikarudi rangi.

Mche mmoja ulitupa mbegu za kutosha ukoo mzima. Nilipoolewa Nyarubungo, huku Biharamulo kwenye joto na tambarare, nilikuja nazo. Nilizipanda kwa miaka mingi bila kuzifukia, nikawafundisha binti zangu, nikapiga viganja vya waliofukia. Mama alipofariki petunia zilikuwa zimechanua kwangu, naye alikuwa mbali nazo, na mimi mbali naye. Kisha watoto wakakua wakapata pesa. Mwanangu wa pili akasema, "Mama, huo uwanja una vumbi, tutakusakafia." Sikatai kwamba saruji ni nzuri. Mvua ikinyesha hatukanyagi tope, na wajukuu wanafagia dakika mbili. Lakini mwaka mmoja nilichelewa kuvuna, na mbegu zilizoanguka ziliangukia saruji. Kibuyu nilichokiweka darini kiliingiliwa na panya. Mwanangu simlaumu. Aliniuliza, nikasema ndiyo.

Kiangazi kilichopita nilikwenda Ntobeye. Nyumba sasa ni ya mtoto wa mdogo wangu, ina bati na madirisha ya vioo. Akaja kunipokea barabarani, "Shikamoo, shangazi," nikamwambia marahaba, naye bila hata kuniketisha akanivuta kunionyesha maua. Alikuwa amesikia habari za maua ya bibi yake, ambayo hapo kwao yalikwisha zamani. Alinunua miche mjini Ngara, ameipanga kwenye makopo ya rangi kando ya mlango: petunia kubwa kama visosi, nyekundu, waridi, nyingine zina mistari kama nguo za sherehe. Aliniambia mbegu zake ukizipanda hazirudii sura ya mama yao, kwa hiyo kila mwaka ananunua upya. Nikasema sawa.

Nikainama nikanusa. Hakuna. Lakini ulikuwa mchana, na mchana hata zile za mama zilikuwa kimya. Basi nikaomba kiti. Wakaniletea chai, nikanywa. Wakaniita ndani kula, nikasema nileteeni sahani hapa hapa. Mke wake akasema shangazi atapigwa na baridi, nikamjibu kwamba baridi hii nimezaliwa nayo. Jua likashuka nyuma ya kilima kile kile. Ng'ombe hawakupita, siku hizi wanafungwa mbali. Zilipita pikipiki mbili. Giza likaanza kuingia kwenye makopo, rangi zikapotea moja moja, nami bado nimekaa, nimenyoosha shingo kama mtoto.

Kijana akaja akachutama kando yangu. Alikuwa ametumia fedha yake, na alikuwa amenipanga kwenye furaha yake tangu asubuhi. Hilo nililiona usoni mwake hata gizani.

"Haya, shangazi," akasema. "Yananukia kama yale ya bibi?"

Nilimtazama. Ingekuwa rahisi sana.

"Hayanukii, mwanangu," nikamwambia. "Nisaidie nisimame."