Siku Nestori Alipokanyaga Ndizi za Kaka Gervas

Enzi zetu, kule Murusagamba wilayani Ngara, mpira ukitoka nje ulikuwa umeanza safari. Uwanja wa shule yetu ulilala ubavuni mwa kilima, na upande wa chini hapakuwa na ukuta wala wavu. Ulikuwa mteremko mtupu hadi kwenye migomba, na ukishapita migomba ni bondeni kwenye kijito. Mtu akipiga shuti la hovyo, timu zote mbili zilikaa chini kusubiri. Waokota mipira tulikuwa sisi wasichana. Nilikuwa na mbio, nawaambieni, na ninyi mnaoniona leo nikipanda ngazi za zahanati nimeshika kiuno, msicheke. Mteremko ule niliushuka kwa kasi kuliko mbuzi wa kijiji kizima.

Sheria ilikuwa kwamba aliyeutoa mpira naye ashuke pamoja nasi kuutafuta. Sasa kaka yangu Gervas alikuwa mvivu wa kupanda mlima, na uvivu huo ndio uliomfanya kiungo. Hakupiga mpira mrefu hata siku moja. Aliuweka mguuni, akauzungusha, akamtafuta mwenzake wa karibu, akampa, akaomba arudishiwe. Watu wakapiga kelele, "Piga mbele! Piga mbele!" Yeye wala. Miaka mingi baadaye watangazaji wa redio walimsifu kwa utulivu wake katikati ya uwanja, na sisi nyumbani tukacheka mpaka machozi, kwa sababu tulijua ule utulivu umetokana na nini.

Mpira wenyewe mwanzoni ulikuwa wa maganda makavu ya migomba, tuliousokota na kuufunga kamba. Mvua ikinyesha unakuwa mzito, ukiupiga kichwa unaona nyota mchana. Kisha wakaja wakimbizi, wengi sana, vilima vikageuka rangi kwa maturubai, na mpira nao ukabadilika. Vipande vya turubai vikafungwa kwa nyuzi za magunia ya msaada, na mpira ukawa unadunda. Magunia yenyewe yalishonwa kaptula. Timu yetu nzima ilivaa kaptula zenye maandishi ya Kizungu makalioni, hakuna aliyejua yanasema nini, na namba za mgongoni tuliziandika kwa mkaa. Ukitoka jasho, namba nane inakuwa doa.

Mama alikuwa akipeleka ndizi karibu na kambi na kurudi na mahindi ya njano na mafuta ya kupikia. Ugali wa njano! Siku ya kwanza baba aliutazama kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemjua, akauliza umepikwa kwa viini vya mayai au vipi. Siku ya pili aliongeza sahani. Watoto wa leo wakiwekewa wali wanauliza kuku yuko wapi.

Ni katika safari hizo za ndizi tulipomfahamu Nestori. Alitoka Burundi na mama yake na wadogo zake, na Kirundi chake na Kihangaza chetu havikuhitaji mkalimani. Alikuwa mrefu, mwenye meno ya mbele yaliyoachana, na alicheza kiungo katika timu ya vijana wa kambini. Alikuwa anajua, jamani. Gervas na yeye walipendana siku ileile walipokutana, wakachukiana kila mechi ilipoanza, na filimbi ya mwisho ikilia wanakwenda pamoja kijitoni kuoga. Kitu kimoja tu tulimwonea wivu Nestori. Alikuwa na viatu vya raba, vya msaada, na kwa sababu ya viatu hivyo nyayo zake zilikuwa laini kama za mtoto wa mjini.

Zikumbukeni nyayo hizo, maana ndizo zilizoibeba siku ninayotaka kuwasimulia.

Mwalimu wetu wa michezo alituambia kwamba Jumamosi timu yetu itacheza na timu ya kambini, na kwamba atakuja mgeni kutoka Mwanza, mtu wa timu kubwa, anayetafuta vijana. Gervas hakulala vizuri wiki nzima. Alikuwa amemaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kwenda sekondari, na baba alishamwonyesha kipande cha shamba atakacholima. Ile Jumamosi ilikuwa mlango wake wa pekee, na nyumba nzima tulijua.

Tatizo ni kwamba Jumamosi hiyohiyo ndizi za baba zilikuwa zinatoka shimoni. Baba mdogo alikuwa anapeleka mahari, na huendi kwa wakwe mikono mitupu, unakwenda na rubisi, pombe yetu ya ndizi. Ndizi mbichi zilikuwa zimefukiwa shimoni na kuwekewa moshi ziive, na zikishafukuliwa hazisubiri mtu. Zinamenywa, zinatiwa kwenye mtumbwi wa kukamulia, yaani lile gogo lililochongwa tumbo, zinachanganywa na nyasi, na mtu anaingia kuzikanyaga kwa miguu mpaka mtobe utoke, yale maji matamu yanayokuja kuwa rubisi. Baba aliumwa goti. Mkanyagaji wa nyumba alikuwa Gervas. Na zile ndizi zilikuwa nyingi, kazi ya kutwa.

Gervas alimwomba baba asogeze siku. Baba akasema ndizi hazijui kalenda ya mpira. Akaomba aingie kijana mwingine wa timu yetu. Mama akasema sawa, waleteni niwaone nyayo. Nawaambieni, ule ukaguzi ulikuwa mkali kuliko wa kucha pale shuleni. Walijipanga uani asubuhi, mmoja mmoja akainua mguu, na mama akainama akatazama. Huyu ana ufa kisiginoni. Huyu kajikwaa, kidole kina kidonda. Huyu ana funza. "Rubisi ya wakwe iingie damu yako? Toka!" Wachezaji wa peku wote, hakupita hata mmoja. Golikipa alikaribia kupita, kisha mama akamgeuza mguu wa pili.

Kwa hiyo Gervas akaingia mtumbwini. Mama alikuwa na amri nyingine, ambayo ninyi wa rika langu wa huku mnaijua: mwenye hasira hakanyagi, kwa sababu mtobe unakataa kutoka. Gervas alikuwa na hasira mpaka masikio yamesimama. Alizikanyaga zile ndizi kama anayeua nyoka. Na mtobe kweli ukakataa. Zilitoka povu na uji mzito, nyasi zikasagika, maji hakuna. Wasomi wataniambia alikanyaga kwa nguvu mno na nyasi zikakatika kabla ya kazi. Inawezekana. Sisi tulisema ni hasira, na mpaka leo nasema ni hasira. Baba alishika kichwa, maana aibu ya kufika kwa wakwe na vibuyu nusu si ya mwaka mmoja.

Hapo ndipo Nestori alipotokea, viatu miguuni, amekuja kumpitia mwenzake waende uwanjani.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mwenzako haendi," mama alisema. "Ndizi zimemkatalia, na hakuna mwingine."

Nestori aliangalia ndani ya mtumbwi, akamwangalia Gervas aliyelowa uji wa ndizi mpaka magotini, akaanza kucheka. Kisha akakaa kwenye kigoda, akavua raba zake, akamwinulia mama mguu bila kuombwa.

"Mama, nitazame. Kwetu nilikuwa nakanyaga za babu."

Mama alitazama mguu wa kulia, akatazama wa kushoto, akapitisha kidole gumba kwenye kisigino. Nilikuwa nimesimama na ndoo ya maji ya kumnawisha. "Huu ni mguu," mama alisema.

Gervas akapiga kelele kwamba haiwezekani, Nestori naye anacheza leo, mgeni wa Mwanza atamwona nani sasa? Nestori alikuwa tayari ananawa. Akamjibu bila hata kuinua uso, "Mimi akiniona, halafu? Natoka kambini kwenda Mwanza kwa kibali gani? Wewe nenda. Chukua na viatu."

Hakusema kwa huzuni. Alisema kama anayemweleza mtu njia ya kwenda sokoni. Mimi nilikuwa mdogo, nikaona ni jambo la kawaida.

Aliingia mtumbwini, akatupa nyasi zilizosagika, akaomba mpya, akaanza taratibu, hatua fupifupi, kisigino kwanza, huku akiimba wimbo wa kwao wa kukamulia. Tulipokuwa tunatoka uani mtobe ulikuwa umeanza kukusanyika, na baba alikuwa ameanza kuitikia kiitikio asichokijua.

Mechi yenyewe nisiwachoshe. Gervas alianza na raba za Nestori, akateleza, akaukosa mpira, akaanguka mbele ya mgeni wa Mwanza, watu wakaangua kicheko. Akazivua, akanirushia, nikazivaa shingoni kwa kamba zake na sikuzivua mpaka mwisho. Baada ya hapo peku ikafanya kazi yake. Alipokea, akageuka, akatoa, akapokea. Mpira haukushuka bondeni kwa mguu wake hata mara moja, nami kwa mara ya kwanza nikatazama mechi nimekaa. Vijana wa kambini walitufunga hata bila Nestori, na ni haki yao, walikuwa wazuri. Lakini filimbi ilipolia, yule mgeni hakuulizia wafungaji. Alimuuliza mwalimu, "Yule mvivu wa katikati ni mtoto wa nani?"

Tulipanda nyumbani tukikimbia. Mitungi ilikuwa imejaa, imefunikwa majani ya mgomba. Nestori alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu imekunjamana kwa maji, mkononi ana kibuyu cha mtobe wa kwanza, ambao kwetu ni haki ya mkanyagaji. Timu yake ilikuwa imecheza bila yeye, wala hakuuliza kama imeshinda. Alimtazama Gervas, akasema neno moja tu.

"Wamekuona?"

Gervas alitikisa kichwa kukubali. Nestori akampa kibuyu.

Mengine mengi mnayajua, maana mliyasikia redioni kama mimi. Kaka akaenda Mwanza akiwa bado hajaota ndevu, akavaa namba nane isiyofutika kwa jasho, baadaye akaenda Dar es Salaam, akacheza ligi kuu mpaka goti lilipomshinda. Siku moja mtangazaji alimuuliza ni kocha gani aliyemfungulia njia. Gervas akasema, "Si kocha. Ni rafiki yangu Nestori, aliyenikanyagia ndizi." Mtangazaji akacheka, akadhani ni utani wa watu wa Ngara, akaweka muziki. Murusagamba nzima haikucheka. Baba alizima redio, akafuta macho kwa kofia yake.

Nestori hakuyasikia hayo, au labda aliyasikia, mawimbi ya redio hayana mpaka. Familia yake ilirudi Burundi kwa malori, asubuhi ya ukungu, na mama aliwafungashia ndizi njiani. Raba alimwachia Gervas, ingawa kaka zilikuwa zimeshambana. Ziko kwangu, hapa Kaniha nilikoolewa, juu ya kabati, na mwanangu hukasirika nikimkataza kuzichezea.

Mwanangu naye ni kiungo, anasema. Ana viatu vya njano na soksi za kufanana. Uwanja wao ni tambarare, mpira ukitoka unasimama palepale, kwa hiyo wanapiga tu. Akifunga bao hakimbilii wenzake, anamkimbilia mdogo wake aliyeshika simu, na jioni nzima kichwa kimeinama kwenye kioo. "Mama, ngoja nione wangapi wameniona." Ni mtoto mzuri, simsemi vibaya, ndiyo dunia yao. Nampa ugali, namwambia ale usipoe. Lakini kila akiuliza kama wamemwona, mimi namkumbuka yule kijana kwenye kigoda, miguu imekunjamana kwa mtobe wa watu wengine, aliyeuliza kama wamemwona mwenzake.