Siku Nilipotundika Ukutani Babu Asiyekuwa Wangu

Mimi aibu zangu huzificha, na kuficha najua, lakini hii haifichiki kwa sababu waliiona watu arubaini na ushei, wengine walitoka Sur na Samail kwa magari yao, kwa hivyo afadhali mnisikie mwenyewe kabla hamjaipata kwa Ami Nassor, ambaye kila akiisimulia huitia chumvi mpya.

Nyumbani kwetu Ibra, hapa Oman, tunaishi na Bibi Zuwena, mzaa mama yangu, aliyezaliwa Malindi ya Unguja. Babaake, Babu Saidi, ujanani alikuwa mpiga makaa melini, akateremka Amerika asipande tena, akazunguka wee mpaka akafika Hollywood zama zile za sinema bubu, na huko akawa mwigizaji. Si mwigizaji wa kutajwa jina, la, alikuwa yule mtu wa nyuma. Leo haramia, kesho mtawa, na kuna siku (hivi ndivyo alivyosimulia) asubuhi alivishwa nguo za jeshi hili na alasiri nguo za jeshi lile, ikawa anajikimbiza mwenyewe. Alikufa mara nne kabla ya chakula cha mchana. Mwisho wakampa kazi ya peke yake, karibu kabisa na kamera, na akafukuzwa siku hiyohiyo kwa sababu ya fenjani ya kahawa. Aliporudi Unguja na hadithi hiyo watu walicheka wasimwache amalize, wakamwita Saidi Sinema, na mpaka leo katika ukoo wetu mtu akisema uongo huambiwa usinitie sinema.

Anayeipenda zaidi kauli hiyo ni Ami Nassor, ndugu mdogo wa baba yangu, mtu mwema lakini mdomo wake hauna breki. Huisema mbele ya Bibi bila ya kujali, na Bibi hugeuza uso. Alikuwa na miaka kumi na mbili babaake alipokufa, na picha yake hana hata moja. Alichorithi ni kumimina kahawa. Dele, yaani birika la kahawa, mkono wa kushoto, fenjani mkono wa kulia, unamimina kidogo, unasimama, na huondoki mbele ya mgeni mpaka aitikise fenjani kuonesha kuwa ametosheka, na akikurudishia bila ya kutikisa unamimina tena. Bibi alitufunza hayo kwa kutupiga vidole, kama alivyofunzwa yeye.

Sasa mimi nina maradhi ya kutaka kujua. Kazini kwangu (ni karani wa serikali, nakaa na mafaili) kila wakati wa mapumziko nilikuwa nafungua sinema kongwe kwenye kompyuta, moja baada ya moja, kumtafuta Babu Saidi. Miezi mitano. Nimewaona Waarabu wa uongo wa kila namna, khanjari zimechomekwa mgongoni, vilemba vimefungwa kama mtu anaumwa na jino, na siku moja nikaona jumba lile la hadithi za babaake ambalo Bibi alinisimulia tangu mdogo, mbele dhahabu tupu na upepo ukivuma ukuta mzima unatikisika kwa kuwa ni mbao. Mara akatokea mtoto wa mfalme juu ya farasi mweupe, kijana mzuri, kifua mbele, na pua (pua yangu mnaijua) hiihii. Nikasema huyu ndiye, yakhe, sina haja ya ushahidi mwingine, ushahidi ninao usoni.

Sinema ilikuwa ya saa moja na nusu na mimi nilitazama dakika ishirini, mkubwa wangu akaniita. Jioni nikamwonesha Bibi kwenye simu. Aliisogeza puani, akaiweka mbali, akasema hajui, yeye babaake alimjua na ndevu nyeupe, na macho yenyewe ndiyo haya. Mimi nikasikia ndiyo. Kesho yake nikaenda kuichapisha ile picha ya farasi, kubwa kama mlango wa kabati, nikaitia fremu ya rangi ya dhahabu, nikaitundika majlis, chumba chetu cha wageni, kisha nikawaandikia jamaa wote kwenye simu kuwa Babu Saidi amepatikana, Ijumaa baada ya Alasiri waje wamuone. Mke wangu Salma, ambaye ana tabia ya kuuliza swali moja tu na likawa ndilo, aliniuliza, "Umeitazama mpaka mwisho?"

"Nimeitazama," nikasema. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.

Ijumaa majlis ilijaa, wanaume upande huu, wanawake na watoto upande ule, halua, kahawa, projekta nimeiazima, ukuta mweupe mzima nimeuacha wazi. Bibi tulimweka mbele kwenye kiti chake, kavaa shela yake ya kutokea. Ami Nassor akaingia, akaitazama ile fremu muda mrefu, akamgeukia Bibi, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Bi Zuwena, leo nikimuona marehemu kwa macho yangu, nitakuomba radhi hapahapa mbele ya watu." Bibi akajiweka sawa kitini, akaikaza shela yake. Miaka yote ile alikuwa anaisubiri kauli hiyo.

Alipotokea mtoto wa mfalme nikasimama, nikakohoa, nikawatambulisha, jamani, huyo ndiye, na itazameni pua. Watu wakatazama ukutani wakanitazama mimi. Wakapiga makofi. Nilijisikia kama farasi ni wangu.

Basi ikaenda ikaenda, mpaka pale ambapo mimi sikufika. Mtoto wa mfalme akavua kilemba, akatia ulevi kwenye gilasi akanywa, akatia tena akanywa, akamvuta mwanamke mmoja mwenye nguo ya shida akamkalisha mapajani. Kina mama wakawaziba watoto macho. Nikaruka kwenda kuzima, na kwa haraka yangu nikabonyeza pa kusimamisha, ikaganda hapohapo, ukuta mzima, babu wa ukoo wetu gilasi mkono mmoja na mwanamke mkono wa pili, na mimi nimesimama mbele yake kivuli changu kimeangukia mapajani mwao. Kisha Ami Nassor akasema taratibu, "Kumbe fenjani yenyewe ndiyo hii."

Waliocheka walicheka. Bibi alivuta shela akajifunika uso, na wallahi nilitamani ardhi inimeze, maana babaake alikuwa muongo tu mpaka mchana ule, na mimi mjukuu wake mpenzi nimemgeuza mlevi na mzinzi mbele ya watu wa Sur.

Salma akaja kunisaidia kuzima, tukagombania vitufe, sinema ikaendelea tena. Akaingia mtumishi mmoja pembeni, mwembamba, kavishwa kanzu kubwa kuliko yeye, kashika dele. Mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa na waya mkononi tayari niuchomoe, nikasikia Bibi anasema kutoka ndani ya shela, "Iwache."

Yule mtumishi akamimina kidogo, akatoa fenjani kwa mkono wa kulia, akainama kidogo, akasimama. Mtoto wa mfalme akanywa, akarudisha. Hakutikisa. Mtumishi akamimina tena. Akanywa, kwa kinyongo, akarudisha. Akamiminiwa tena. Akapunga mkono wa kumfukuza, na mtumishi kasimama palepale na dele lake, hasogei. Nyuma yangu mzee mmoja akanong'ona kuwa hajatikisa, mwingine akasema vipi atakwenda na mgeni hajatikisa, na mara majlis nzima ikaanza kucheka, kicheko chengine sasa, cha watu wanaomjua mtu. Kwa nini waliiacha sehemu hiyo ndani ya sinema mimi sijui mpaka leo. Mtumishi alimimina mara ya nne, kisha akageuka akatutazama, uso kwa uso, kama anayeuliza, huyu bwana nimfanyeje.

Bibi alikuwa ameshafunua uso. Akamwambia, taratibu, kama yuko chumbani naye, "Basi baba, ondoka. Hajui."

Hakuna aliyecheka tena. Tuliirudisha, sikumbuki mara ngapi, na kila akigeuka kutazama Bibi anamwambia maneno hayohayo na machozi yanamtoka. Kisha Ami Nassor akanyanyuka, na magoti yake mnayajua, akachukua dele mkono wa kushoto, akammiminia Bibi, akasema, "Nisamehe, Bi Zuwena. Mzee hakuwa muongo."

Bibi akanywa, akarudisha fenjani. Hakutikisa. Ami akamimina tena. Hakutikisa. Watu wote tunatazama, yeye kasimama kainama, jasho linamtoka, na Bibi anakunywa kidogokidogo bila ya haraka yoyote. Ilipofika ya saba ndipo akaitikisa.

Ile fremu nilikwenda kuitoa mwenyewe, nikamtia ndani yule mtu mwembamba anayetutazama na dele lake. Hatufanani hata kidogo, pua yake ndogo. Na mimi nimekula yamini, simtambulishi mtu kwa watu, awe hai awe maiti, mpaka nimemtazama mpaka mwisho. Lakini Bibi hajanisamehe moja kwa moja. Kila asubuhi nikimpelekea kahawa, nikishamwamkia, yeye hunywa, akaishika fenjani bila ya kuitikisa, akaniuliza kwanza, "Na yule wako wa farasi, hajambo?"