Kila Pikipiki Iwe na Kinga

Sheria niliiandika mimi, kwa mkono wangu, na kabla hujaniuliza: ndiyo, niliisoma mara mbili kabla ya kuibandika. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Wenzangu wakikosea, kosa linabaki kwenye daftari la mwanafunzi. Langu lilibandikwa Kibondo na Kasulu, na makanisani likasomwa kwa sauti.

Kila kiangazi, maharage yakishaingia ndani, sisi wa Kibondo hushindana pikipiki na wa Kasulu kwenye uwanja wa udongo mwekundu nje ya mji. Ni mizunguko sita, kona zote za kushoto, vumbi mpaka kwenye meno. Daraja letu linaitwa pikipiki za kazi, maana yake huji na pikipiki ya mchezo. Unakuja na ile ile iliyobeba mihogo na abiria wiki nzima. Mimi ni katibu wa kamati kwa sababu siku ya kikao cha kwanza nilikuwa mtu pekee aliyekuja na kalamu.

Mwanzoni sheria ilikuwa hiyo moja tu, pikipiki iwe ya kazi. Watu wa Kasulu wakaja na pikipiki zilizong'olewa keria, nyepesi, wakatuacha kwenye mataa. Tukaandika: keria iwepo. Mwaka uliofuata wakaja na keria za waya, ungedhani ni za kuanikia vyombo. Tukaandika: keria iweze kubeba mzigo. Wakauliza, mzigo gani? Mwenyekiti wetu, mfanyabiashara wa nafaka mwenye mwili wa kuwatosha watu wawili, akachoka na maswali, akasema: mimi. Tangu siku hiyo ukaguzi ni mwenyekiti kukalia keria moja baada ya nyingine, na mimi kuweka alama ya vema. Mbili zilivunjika mwaka ule, akaenda nazo chini, akainuka akijipangusa na kusema sheria inafanya kazi.

Halafu suruali ya mshindani mmoja ikaingia kwenye cheni kona ya pili. Mtu alitoka mzima, suruali haikutoka. Kamati ikakaa, wote wakakubaliana kwamba mwaka ujao kila pikipiki iwe na kava la cheni. Hivyo ndivyo walivyosema wote, kava la cheni, na mimi nikaudhika. Miaka yote nafundisha watoto lugha fasaha, niandike kava? Nikaandika: "Kila pikipiki iwe na kinga. Isiyo na kinga haitashiriki." Nikajiona nimeandika jambo la maana sana.

Sasa nikwambie kitu. Mimi nimezaliwa Kumsenga, huku huku Kibondo, kwa wazazi waliovuka mpaka kutoka Burundi wakiwa vijana, uraia wakaja kuupata baadaye. Kwetu, kwa Kirundi, na kwa majirani zetu wa vijijini, baiskeli ni ikinga. Neno hilo nililijua kabla sijajua kuandika jina langu. Lakini shuleni tulichekwa kwa lafudhi, nikajifunza kuficha ya nyumbani, na nilificha vizuri hata mimi mwenyewe nikawa siyaoni. Siku naandika ile sheria, neno lile halikunijia hata kidogo.

Na baba yangu alikuwa mshindani. Ndiyo, baba, amepita miaka sitini, anapiga kona kwa mguu wa kushoto chini kama vijana. Mara tatu alikuwa ameshika nafasi ya pili, na mara zote tatu mbele yake alikuwa mtu mmoja, fundi pikipiki wa Kasulu. Mama alikuwa amevumilia vya kutosha. Mwaka ule alimkalisha baba mbele ya mchungaji, akamwambia, "Unakwenda kushindana pikipiki kwa mara ya mwisho. Ukitoka hapo, basi." Baba akakubali, na akikubali mbele ya mchungaji harudi nyuma. Kwa hiyo alikuwa na siku moja tu iliyobaki ya kuwa wa kwanza, na sote nyumbani tulijua.

Siku ilipofika nilikaa mezani na daftari langu. Wa kwanza kuingia alikuwa na baiskeli imefungwa kwa mpira juu ya keria. Nikadhani anaipeleka kwa fundi. Wa pili naye ana baiskeli. Alipoingia wa tatu nikasimama, nikamuuliza, hivi kuna nini leo?

"Si ndiyo sheria, Mwalimu?" akanijibu, akinishangaa. "Kusawazisha uzito. Hawa wa Kasulu wamezidi wepesi."

Walisoma kinga, wakasikia ikinga. Kumbe huko vijijini walikuwa wameijadili ile sheria wiki nzima na kuisifu, kwamba safari hii kamati imetumia akili. Wote watano wa Kibondo walikuja na baiskeli. Baba aliingia wa mwisho, na yake ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote, kaifunga kwa ustadi, kapendeza na shati la kanisani.

Wa Kasulu walikuwa watatu, wana makava ya cheni yanang'aa. Wao walisomewa tangazo na muuza duka mmoja aliyetokea Tanga, akawaambia kinga ni kitu cha kukinga. Yule fundi akatazama zile baiskeli, akacheka mpaka akashika tumbo, kisha akaja mezani. "Mwalimu, hawa wote watano hawana kinga. Samahani, Mzee wangu, sheria ni sheria."

Baba alinijia mimi, akaniuliza kwa lugha ya nyumbani, taratibu, watu wote wakisikia: "Mwanangu, uliandika kwa lugha gani?"

Nilipandwa na hasira. Kwanza kwake, kwa kuniuliza vile hadharani. Kisha kwa fundi na kicheko chake. Mwisho zikabaki kwangu, maana hapakuwa na mwingine wa kulaumu. Ningeweza kudanganya kwamba nilikusudia baiskeli, Kasulu wakatolewa, baba akashinda kabla jua halijawa kali. Nikamjibu kwa lugha yetu, mbele ya uwanja mzima, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu darasa la tatu. Nikasema niliandika Kiswahili, nikalisahau neno la kwetu, kosa ni langu. Watu walicheka, lakini wengi walicheka kwa lugha ile ile.

Mwenyekiti akaamua: mwenye kinga ya aina yoyote atashindana. Fundi akakubali kwa sharti moja, kwamba aliyekuja na baiskeli amalize na baiskeli. Alidhani amewafunga jiwe shingoni. Hakujua kuwa mzigo nyuma hutuliza gurudumu kwenye vumbi. Kasulu waliteleza kila kona, na baba, aliyebeba mizigo maisha yake yote, akapita mmoja, akapita wa pili, na mzunguko wa tano akampita fundi. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kiti, katibu mzima.

Kona ya mwisho mpira ukakatika. Baiskeli ikaanguka, baba akavuka mstari akiwa wa kwanza, keria haina kitu.

Akageuka, akaiona kule kwenye vumbi. Fundi akavuka, wengine wakavuka, mmoja akaanguka na kubaki huko. Baba akashuka, akairudia kwa miguu, akaiinua, akaipanda, akaja nayo akikanyaga pedali, gurudumu la mbele limepinda na linayumba, mpaka akavuka mstari tena.

"Imefika," akaniambia. "Andika."

Uwanja ulikuwa unapiga kelele wa kwanza, wa kwanza. Mwenyekiti aliniinamia sikioni: "Mwalimu, mpe tu mzee wa watu, nani atauliza." Nilitaka kumpa, sitaficha. Nilitaka mpaka macho yakajaa machozi. Lakini nikaandika: wa saba, amemaliza kwa baiskeli. Baba akataka nimsomee kwa lugha yetu. Nikamsomea, naye akatikisa kichwa kukubali, hakununa.

Mama alikuwa ameshafika mezani na kitenge chake begani. "Haya," akasema, "yameisha. Twende nyumbani."

"Yameisha yapi?" baba akauliza. "Mbele ya mchungaji tulisema mara ya mwisho kushindana pikipiki. Mimi leo nimeshindana baiskeli. Muulize katibu."

Mama akanigeukia, akanitazama kwa lile jicho la tangu utotoni. "Umeandika hivyo?"

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Ndivyo ilivyoandikwa."