Wa Tatu Kutoka Kushoto

Katika makumbusho yetu kuna sheria moja ambayo haimo katika kitabu chochote. Mtu akitutajia jina la aliyemo katika picha ya zamani, jina hilo linaandikwa kwa penseli. Akija mwingine ambaye hajazungumza na yule wa kwanza, naye akataja jina lilelile, penseli inafutwa na jina linaandikwa kwa wino. Sheria hiyo iliwekwa na Dada Wino, mwandishi wetu wa vibao. Wakuu wa makumbusho wamepita wanne na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Tulimwita Dada hata alipokaribia sitini. Aliingia pale msichana, kazi yake kufagia. Siku moja mkuu wa wakati ule akaona orodha ya fagio na ndoo iliyobandikwa kwenye mlango wa stoo, akauliza ni nani mwenye mwandiko ule. Tangu siku hiyo ufagio ukashikwa na mwingine. Nilipofika mimi na vyeti vyangu vya chuo, niliandaa maonyesho mawili yenye maelezo marefu ukutani, nikagundua wageni wanayapita maelezo yangu kama wanavyopita bomba la maji, kisha wanainama kusoma vibao vyake. Kompyuta ilipokuja ilipewa barua za ofisi. Vibao vilibaki mikononi mwake.

Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini ulimi wake haukulala. Mgeni mmoja alimkuta amekaa kimya kwenye kona ya ukumbi, akamuuliza kwa mzaha kama yeye naye ni wa maonyesho.

"Bado sijapewa namba, mwanangu," akajibu. "Wanangoja nikauke vizuri."

Mara moja kwa mwaka, Jumamosi, tulikuwa na Siku ya Kutambuana. Milango inakuwa wazi kwa wote bila kiingilio, meza ndefu zinapangwa ukumbini, na picha zisizo na majina zinalazwa juu yake chini ya vioo. Watu wa mitaa ya karibu wanakuja na wazazi wao, na miwani yao, na ubishi wao. Vibao vyote vya penseli siku hiyo vinalazwa kifudifudi, maandishi yaangalie meza, asije shahidi akasoma jina badala ya kulikumbuka. Na sisi wafanyakazi tulikatazwa kabisa kumtilia mtu jina mdomoni. Unauliza tu, "Huyu ni nani?" Kisha, "Una hakika?" Basi.

Picha ya kiwanda cha sabuni tuliletewa na mjane wa msimamizi wa zamu, miaka kumi na moja iliyopita, ndani ya boksi la viatu. Watu ishirini na watatu wamepangwa safu tatu mbele ya geti, wa mbele wamekaa kwenye mabenchi. Nyuma ya picha hapakuwa na tarehe. Dada Wino alikuwa akiipangusa vumbi kwa brashi laini, mimi nikiandika maelezo ya boksi. Brashi ikasimama.

"Huyu ni kaka yangu," akasema.

Safu ya kati, wa tatu kutoka kushoto. Uso wenyewe haukuzidi ukucha wa kidole gumba. Kofia imeshushwa, kichwa kimeinama kidogo upande, mwili mwembamba ndani ya shati pana.

Mama yao alipofariki, kaka huyo ndiye aliyekuwa mama na ndiye aliyekuwa baba. Alimfulia sare za shule, alimsuka nywele vibaya, alirudi jioni ananuka sabuni kiasi kwamba hata mkate alioukata ulikuwa na ladha yake. Kiwandani walimwita Tarumbeta kwa sababu ya kicheko. Kilisikika kabla mwenyewe hajaonekana. Kiwanda kilipofungwa, alikwenda mji mwingine kutafuta kazi. Ilikuja barua moja, akisema amepata pa kulala na kwamba mdogo wake asome kwa bidii. Ya pili haikuja. Dada Wino alipopata uwezo alimfuata mara tatu, akazunguka hospitali, vituo vya polisi na viwanda vyote vya mji ule. Hakupata hata mtu wa kumwambia kwamba amekufa. Na picha chache walizokuwa nazo nyumbani zilioza kabatini mwaka ambao paa lilivuja, zikagandana zikawa kama kipande kimoja cha ubao.

Kwa hiyo ule ukucha wa kidole gumba ndio uliokuwa kaka yake mzima.

Alichukua penseli akaandika: Tarumbeta. Nikamwambia kwamba ndugu wa damu anatosha, aandike tu kwa wino, nani atabisha?

"Ndugu wa damu ndiye shahidi mbaya kuliko wote," alisema. "Macho yake yana njaa."

Akajihesabu yeye kuwa shahidi mmoja, akaanza kumngoja wa pili.

Mwaka baada ya mwaka nyuso za picha ile zilipata wino, moja moja, mpaka zikafika kumi na nane. Wa tatu kutoka kushoto hakupata mtu. Mmoja alisema sura anaijua ila jina limemkimbia. Mama mmoja mzee aliyekuwa akifunga sabuni kwenye karatasi alikuja kila mwaka, akainama mpaka pua ikagusa kioo, akasema, "Naona ukungu, wanangu. Ukungu uliovaa kofia." Na kila asubuhi nilipofika kazini nilimkuta Dada Wino ameshaitoa picha kwenye droo, anaitazama huku chai yake inapoa. Niliacha kumsemesha nyakati zile. Mtu aliye na mgeni humlazimishi akupokee na wewe.

Mwaka huu mkuu mpya aliamua kwamba picha ya kiwanda itakuzwa, ijaze ukuta mzima wa chumba cha kudumu. Wenye majina ya wino watawekewa majina. Wa penseli wataandikiwa "Hajatambuliwa". Na mwisho wa mwezi uleule Dada Wino alikuwa anastaafu.

"Nataka niandike hilo moja tu," aliniambia. "Baada ya hapo waninyang'anye kalamu, wakitaka wanikate na vidole."

Jumamosi ya kutambuana ilipofika, alikuja mzee ambaye hatukuwahi kumwona. Alikuwa mchochea tanuri wa kiwanda, na kwa miaka mingi aliishi mbali kwa binti yake. Sasa alikuwa amerudi, na binti huyo ndiye aliyemleta. Aliingia na fimbo mkononi na kofia mpya, akaketi mbele ya Dada Wino kama mtu aliyekuja kukagua nyumba yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Haya, nisogezee hao wenzangu. Nani kachelewa zamu?"

Watu wakacheka. Kidole chake kikaanza kutembea juu ya kioo. "Huyu Kijiko. Penye chungu hakosi. Huyu Mama Mizani, ukipunguza uzito wa sabuni anakupima wewe. Huyu mwenye nywele ni mimi. Msicheke! Zilikuwa nywele za kweli, wala sikuazima." Kikafika safu ya kati. "Huyu ni Sindano."

Dada Wino akaliandika daftarini kwa penseli. "Una hakika, mzee?" Aliuliza kwa sauti ileile aliyowauliza wote.

"Hakika? Shati alilovaa ni langu! Tazama mfuko hapo, umeshonwa kwa uzi mweupe, mke wangu alikuwa amekosa mweusi. Aliniomba avae kwenye picha tu. Kafa nalo, Mungu amrehemu."

Nilichukua kioo cha kukuzia. Ule mstari mweupe kifuani, ambao kwa miaka kumi na moja tuliuandika katika daftari letu kuwa ni mkwaruzo wa picha, ulikuwa mishono. Ukitazama vizuri ungeweza kuihesabu.

Hapo ndipo nilipokosea. Nimefundisha wengine wasifanye hivyo, nikafanya mimi.

"Na Tarumbeta, mzee?" nikauliza. "Hayumo?"

Dada Wino aliniangalia mara moja, akainamisha macho kwenye daftari.

"Nani kakwambia habari za Tarumbeta?" Mzee alicheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. "Yule ndiye peke yake aliyekosa picha! Siku mpiga picha alipokuja, yeye aliomba ruhusa ampeleke mdogo wake shule ya bweni. Kapita getini na sanduku la bati kichwani, kale kabinti nyuma yake kamekumbatia godoro. Tukamwambia, bwana wee, ngoja saa moja tu, mpiga picha anafunga mitambo yake. Akasema, 'Picha itakuwepo siku nyingine. Shule haiwezi kuningoja.' Siku nyingine yenyewe haikuja. Kiwanda kikafa." Akapangusa macho kwa ncha ya kidole, bado anatabasamu. "Mtu mwema yule. Sijui aliishia wapi. Na kale kabinti, sijui kama kalisoma."

"Kalisoma," alisema Dada Wino.

"Ee? Unakajua?"

"Kidogo." Akasogeza daftari. "Na huyu anayefuata, mzee, ni nani?"

Aliwamaliza wote. Wote walioko katika picha, mmoja mmoja, na kwa kila mmoja Dada Wino alimuuliza kama ana hakika. Mzee alipoondoka na binti yake, yeye alisimama akampa mkono, akamshukuru kwa kuja.

Alasiri alikuja yule mama wa kufunga sabuni. Mwaka huu alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na alikuwa anatuambia kila mmoja wetu jinsi tulivyozeeka bila yeye kujua. Alipokelewa na mwenzetu wa mapokezi, ambaye hakujua lolote la asubuhi. Hakuinama hata kidogo. "Jamani, si binamu yangu huyu! Sindano! Miaka yote nimekuwa namwita ukungu."

Wawili walikuwa wametimia.

Ukumbi ulipotoka watu, nilimkuta Dada Wino ofisini amekaa mbele ya kibao kitupu. Nilifunga mlango. Nilimwambia tunaweza kuiacha penseli ilivyo. Nilimwambia chumba cha kudumu kina ukuta mrefu, anaweza kuandika maneno machache pembeni kwamba mmoja hakuwepo siku ile. Nikasema hata jambo ambalo sasa linanichoma: kwamba wazee wale ni wawili tu, wana miaka themanini na zaidi, na baada yao hakuna atakayejua.

"Sindano naye ana watu," alijibu. "Umemwona binamu yake alivyofurahi."

"Basi kamwambie mzee wewe ni nani. Akusimulie habari za kaka yako. Anamkumbuka hata maneno yake."

"Nitakwenda. Leo sina mdomo."

Alichovya kalamu. Kisha akaiweka chini tena, juu ya kitambaa, wino usidondoke.

"Nilikuwepo," alisema. "Getini. Niliona wanatoa mabenchi nje, lakini miaka yote sikuiunganisha siku ile na picha hii. Walipomwambia asubiri alisimama. Alitaka kusubiri, nakwambia, alikuwa ameshaanza kulishusha sanduku. Mimi ndiye niliyemvuta shati. Nikamwambia, 'Kaka, tutachelewa.'"

Nje mtu alikuwa anakunja meza, miguu ya chuma inagonga sakafu.

Aliandika. Herufi saba, S yake ikiwa na ule mkunjo mdogo ambao hakuna aliyewahi kuuiga. Akaifuta Tarumbeta ya penseli kwenye kibao cha zamani, polepole, akipuliza vumbi la ufutio mpaka karatasi ikabaki nyeupe. Nilidhani amemaliza. Niliinuka nikaushike mkoba wangu.

"Unajua kibaya ni kipi?" aliniuliza. "Sura yake ilikuwa imeanza kunipotea zamani. Nilikuwa nimebaki na mikono, na kile kicheko, basi. Picha hii ilipokuja nikasema sasa nimempata, haniponyoki tena. Nikauchukua uso huu nikaupeleka kila mahali. Akinisuka, ni uso huu. Akinifulia, ni uso huu. Amebeba sanduku anageuka kuniangalia, ni huu. Miaka kumi na moja, kila asubuhi. Na ule uliokuwa umebaki, hata kama ulikuwa kidogo, nimeufunika."

Aliigeuza picha kunielekea, kama anayemwonyesha shahidi wa tatu.

"Sasa nikifumba macho kumtafuta kaka yangu, anakuja mtu huyu. Na mimi mtu huyu simjui."