Maganda Katika Ukosi wa Dwight Sorenson

Inasemwa hapa bondeni, hata kwenye ngazi za kanisa, kwamba marehemu mume wangu, Verlin Hatch, alifunga bloku ya gesi ya bunduki yake ikapinda. Si kweli. Wangesema alikuwa mlevi ningenyamaza. Hapa Idaho walevi wana ndugu wengi. Hili la bloku silinyamazii.

Bloku ya gesi ni kipande cha chuma kinachokaa juu ya tundu la mtutu. Hupokea nguvu ya baruti na kuirudisha nyuma, bunduki ikatema ganda tupu na kujipakia upya. Gesi ikizidi, ganda huruka mbele kwa hasira. Ikipungua, huelekea nyuma. Verlin hakununua bloku bila kuupima mtutu kwanza. Alichagua zenye skrubu ya kupunguza gesi, akalinganisha tundu kwa tundu, akapigilia pini. Alijua ganda litaangukia wapi kama ninavyojua keki yangu itaumuka lini.

Jirani yetu Dwight Sorenson alikuwa na desturi ya kusimama nyuma ya bega la kulia la Verlin kila Jumamosi uwanjani pa shabaha, ukosi wazi, akitoa ushauri usioombwa. “Gesi imezidi hiyo, mzee. Ungeniuliza mimi.”

Jumamosi moja ganda la moto liliingia ukosini mwake. Kabla hajalitoa, likafuata la pili, na la tatu. Dwight alikimbia akivua shati, kisha mkanda, kisha suruali, akaishia kukalia pai ya beri kwenye meza ya akina mama, akiwa na vazi ambalo sitalitaja. Verlin alimaliza risasi zake kwa utulivu. Tangu siku hiyo Dwight akaeneza kwamba bloku imepinda.

Mwaka huu, viazi vya jibini vya msiba wa mume wangu havijapoa, Dwight akaiomba klabu ya shabaha ing'oe kibao chenye jina la Verlin kwenye benchi lake. Eti fundi wa bloku zilizopinda hastahili kibao.

Nilifika mkutanoni uwanjani na bunduki ileile ya Verlin, pamoja na sahani ya bati ya kuokea pai. Nilimwomba Dwight asimame pale alipozoea. Akasema mgongo unamuuma. Basi nikaiweka sahani juu ya ngazi palepale, kimo cha shingo yake, nikaketi kwenye benchi la mume wangu, nikafyatua. Ting. Nikafyatua tena. Ting. Halikuanguka hata ganda moja nje ya sahani.

Mwenyekiti, Bi. LaRue Pratt, alichungulia ndani ya sahani. “Haijapinda hii,” akasema, na wanaume wakavua kofia. Kibao kikapigiwa kura kibaki.

Ndipo Dwight akakunja uso. “Ngoja kwanza, shemeji. Kama haikupinda, si ina maana Verlin alikusudia?”

Wote walinigeukia. Nilimwaga maganda mkobani, nikaifuta sahani.

“Bloku imenyooka, Dwight,” nikamwambia. “Mengine sisemi.”

Na hapa pia sisemi.