Nilipopima Moscow hadi Dar kwa rula, nyumbani wakaniamini

Wakuu, habari za humu.

Juzi kuna mtu kauliza Moscow hadi Dar ni saa ngapi kwa ndege, akajibiwa ndani ya dakika moja. Nikabaki natazama simu. Swali hilo nililijibu mimi miaka ya sabini, nikaliharibu. Nasimulia ilivyokuwa, chumvi sitii.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, tunakaa Kambarage, Shinyanga mjini. Kaka yangu Masanja alikuwa Moscow, anasomea uhandisi. Baba akaugua ghafla, akawa anamuulizia yeye tu. Nikapiga telegramu. Jumatatu jibu likaja: NAONDOKA KESHO KWA NDEGE.

Nikafungua atlasi ya shule, nikapima. Karibu kilometa elfu saba. Nikagawanya kwa mwendo wa ndege.

"Saa tisa tu, baba. Keshokutwa yuko hapa."

Akatabasamu. Nikajiona msomi kweli.

Jumatano, hola.

Alhamisi nikaanza kwenda stesheni. Treni ikiingia nipo, isipoingia nipo. Darasani nafundisha sikio liko nje, chaki zinanivunjikia mkononi. Nikirudi, kabla sijavua viatu baba anauliza, "Amefika wapi?"

Namwambia yuko njiani. Ningesema nini?

Jumamosi asubuhi baba akafariki.

Baba mdogo akataka tuzike siku ileile, joto lilikuwa kali. Mama akagoma, mtoto wake wa kwanza hajafika. Kisha baba mdogo akanigeukia.

"Mwalimu, hesabu ulipiga wewe. Tumsubiri au tuzike?"

Wakuu, nilizunguka uwanja wa nyumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Jumapili mchana ikabidi nimpigie mama magoti.

"Mama, sijui yuko wapi. Tuzike."

Mama akaniinua. "Haya, ng'wanone," akasema. Mwanangu. Tukazika.

Jumatatu Masanja akashuka kwenye treni, koti zito la baridi mkononi. Akanitazama usoni, akajua. Nikamwambia tumezika jana. Njiani ndipo akasema, "Jumanne ileile nilikuwa Dar. Siku mbili nzima natafuta nafasi kwenye treni. Tabora nako nikakwama, nangoja ya kuja huku."

Kwa hiyo saa zangu tisa zilikuwa sahihi kabisa. Nilipima angani, nikasahau kupima nchi yangu mwenyewe.

Nyumbani akapiga magoti mbele ya mama. "Mngenisubiri siku moja tu. Nani aliamua?"

Nikafungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyesema wazike."

Baba mdogo alikuwa amekaa palepale. Akainamisha kichwa.

Mama na baba mdogo wote wametangulia. Masanja yupo, mzee sasa, na mpaka leo anaamini aliyeamua ni mama. Sijawahi kumwambia.

Nilichojifunza: ndugu akiwa mbali usihesabu saa za ndege, hesabu mpaka mlangoni.

Na nyie mnaonaje, nimwambie au niache ilivyo? Nawasoma.