Vitambaa vya Mtoto na Mbwa wa Baba Mkwe

Mtoto wangu alipokuwa na siku tisa, mbwa wa nyumbani alimvuta kwa kitambaa alichofungwa, kutoka katikati ya mkeka hadi karibu na mlango. Hakumng'ata. Naandika hilo mapema ili msomaji asihofu bure. Hofu niliyoipata mimi siku ile inatutosha wote.

Nimezaliwa Kipili, kando ya Ziwa Tanganyika, na shule niliishia darasa la saba. Nimeolewa huku juu, karibu na Mwazye, kwenye familia inayolima mahindi na ulezi. Naongea kidogo, na mbele ya wakwe naongea kidogo zaidi.

Nilijifungua mwezi wa saba, wakati upepo wa huku unapenya hadi kwenye mifupa. Mama mkwe akatuhamishia jikoni, nyumba ndogo ya nyasi nyuma ya nyumba kubwa, kwa sababu humo moto hauzimiki. Humo ndimo mbwa alimozoea kulala. Alifukuzwa, akawa analala nje ya mlango, pua ikielekea ndani.

Maji tunateka bondeni na njia ya kurudi ni ya kupanda. Siku hizo mama mkwe ndiye aliyeteka, maana mimi sikuwa nimepata nguvu. Naye alikuwa na desturi ambayo baadaye niliiona pia kwa majirani wawili watatu. Mtoto akichafua kitambaa, mama mkwe hakukifua kwanza. Alikitupa nje na kumwita mbwa. Mbwa alikilamba mpaka kikabaki na unyevu tu, ndipo kikaingia kwenye beseni.

"Huyu ananipunguzia ndoo nzima," alisema mama mkwe, na kweli alikuwa akichoka.

Mimi niliona kinyaa, nikanyamaza.

Siku ya tisa nilitoka kwenda chooni. Mama mkwe alikuwa uani akipepeta ulezi, mgongo ameupa mlango. Nikiwa narudi nilisikia mtoto analia kilio ambacho hakikuwa cha njaa. Nilikimbia. Mbwa alikuwa ameuma pembe ya kitambaa, anarudi kinyumenyume, na mtoto anaburutwa pamoja nacho. Nilipiga kelele. Mama mkwe anasema nilipiga kelele kwa Kifipa, lugha ya huku niliyokuwa nikidai siijui. Mbwa aliachia palepale, akakaa chini, akatikisa mkia kama anayesubiri asifiwe.

Tulimvua mtoto nguo zote karibu na moto, tukamkagua kidole kwa kidole. Alikuwa na mstari mwekundu begani, basi.

Jioni mume wangu alirudi kutoka Sumbawanga alikokwenda kuuza maharage. Alipoelezwa, hakukaa. Alichukua rungu. Baba mkwe akasimama mbele yake.

"Weka chini hilo. Mbwa huyu amenilindia mahindi dhidi ya nguruwe pori misimu minne. Kesho atakwenda kijijini Kate kwa ndugu yangu."

"Na mahindi yetu atalinda nani?" mama mkwe akauliza.

"Tutatafuta mtoto wa mbwa. Utamfundisha upya."

Nilijua atafundishwa nini. Nilimwona huyo mtoto wa mbwa akiwa hata hajafika, anatupiwa vitambaa mlangoni, anakua, na mwanangu bado yuko mkekani. Kumwondoa mbwa mmoja kusingemwokoa mtoto. Nilingoja mume wangu aseme. Alikuwa akipumua kwa hasira tu.

Nilipiga magoti, macho nikayaweka chini.

"Baba, samahani."

"Nani amesema?" baba mkwe akageuka huku na huku.

"Ni mimi, baba."

"Loo! Leo mvua itanyesha mwezi wa saba. Sema, mwanangu."

Nilisema polepole, maana nikienda haraka maneno yananikimbia. Nilisema mbwa hakumfuata mtoto, alifuata kitambaa. Kila siku anapewa kitambaa chenye harufu ile, na leo hakuitwa, akaja kukichukua mwenyewe. Hata akiletwa mwingine, tukimpa vitambaa, atafanya vilevile.

Mama mkwe akaweka ungo chini.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni sisi, mama. Mimi niliona nikanyamaza."

"Wewe mtu wa ziwani unajua samaki. Mbwa umewajulia wapi?"

"Kwa hao hao samaki, mama."

Nikamweleza. Kwetu wanawake wakipasua migebuka, matumbo wanawatupia mbwa. Nikiwa mdogo nilipita na gauni lililolowa maji ya samaki, mbwa mmoja akashika pindo akanivuta mpaka nikaanguka. Hakutaka nyama yangu. Alitaka gauni.

Baba mkwe alicheka hadi akakohoa. "Kumbe na wewe uliwahi kuwa mgebuka!" Mume wangu naye akacheka, rungu likamtoka mkononi. Mama mkwe hakucheka. Aliuliza, "Sasa maji?"

Swali lake lilikuwa la haki. Mume wangu akasema atateka ndoo mbili kila asubuhi kwa baiskeli kabla ya kwenda shamba. Wenzake walimtania wiki nzima, wakimwita mama mzazi, lakini aliteka.

Mbwa hakwenda Kate. Alifungwa kamba karibu na ghala, akawa anakula ugali wake huko huko. Vitambaa vilikaa kwenye ndoo yenye mfuniko, na mume wangu akatengeneza mlango mfupi wa mbao wa kumzuia asiingie jikoni. Mtoto akahamia kitandani. Niliomba jambo moja zaidi, na hilo nalisimamia hadi leo ingawa mbwa siku hizi amefunguliwa na anapita karibu naye bila hata kugeuza kichwa: asiachwe peke yake na mbwa, hata kwa muda wa kwenda chooni, hata kama mbwa amelala. Siku ile nilifikiri mama mkwe anamwona. Yeye alifikiri mimi nimo ndani.

Mwezi uliopita jirani alijifungua, tukaenda kumwona na unga wa ulezi. Tukiwa tumekaa, dada wa mzazi alikusanya kitambaa kichafu, akaenda mlangoni na kumwita mbwa wao. Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe alikuwa amekwisha kukidaka.

"Wee! Usimpe! Ukimzoesha harufu ya mtoto kama chakula, siku moja atakuja kukichukua kitambaa mwenyewe, na mtoto yumo ndani yake."

"Makubwa! Umeyajua lini hayo, mama?"

"Hayo mbona yanajulikana," alisema, akaendelea kueleza yote, la ndoo, la mlango, hadi la mbwa na matumbo ya samaki, kama aliyezaliwa Kipili.

Mimi nilikuwa nimempakata mwanangu, nikijifanya namfunga vizuri kofia. Sijawahi kujivuna namna ile. Mzazi alikuwa tayari amemtuma dada yake akatafute ndoo yenye mfuniko.